Riwaya Niliyoikata Vipande Kumi na Kimoja

Nilichukua wembe mpya nikakata riwaya ya shule vipande kumi na kimoja. Sikutumwa, sikulewa, wala sikuwa na homa. Ilikuwa Jumanne baada ya makande, mlango wa maktaba nimeufunga kwa ndani, na nilijiona mtu mwenye akili kuliko ofisi nzima ya walimu.

Nayasema haya mapema ili ninyi mnaopokea ufunguo, Fides na Yordani wa kidato cha tatu, msiyasikie kwa watu wa bwenini, ambao hutia chumvi hata kwenye chai. Mimi nastaafu. Mtu wa kidato cha nne akishakabidhi ukiranja ni mstaafu kamili, na mstaafu ana haki mbili: kulalamikia vijana wa siku hizi na kuandika kumbukumbu. Vijana wa siku hizi ni ninyi. Kulalamika nimemaliza asubuhi, sasa naandika.

Msitegemee nieleze nilivyopanda cheo mpaka nikawa kiranja wa maktaba. Sikupanda. Aliyekuwepo alihama shule.

Siku ya kwanza nilipoingia mle ndani nilidhani nimekosea mlango. Chumba kilikuwa stoo, na bado kilinuka majembe na mbegu za mahindi. Madam Rehema alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anapangusa vitabu kwa kanga. Mnamjua: mwalimu wa Kiswahili, alipangiwa huku kutoka Tanga, na mpaka leo huulizia nazi katika kila gulio kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea.

"Benedikti," akasema. Watu wote huniita Beno isipokuwa yeye na kasisi. "Humu kuna vitabu vingi vya kufaulia mtihani, na kumi na sita vya kuishi navyo. Hivyo kumi na sita ndivyo vitakavyokutoa jasho."

Hivyo kumi na sita ni riwaya za vijana. Ndani yake kuna watu wa umri wetu waliopotea porini, waliofukiwa mgodini, walioachwa na wazazi, waliofiwa. Nusu havina majalada, kwa hiyo tuliviita kwa yaliyomo: Kile cha Mgodi, Kile cha Watoto Watatu, Kile cha Mto. Muendelee hivyo hivyo. Mtu akija kuomba kitabu kwa jina lake halisi, huyo ni mkaguzi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza. Nikampa Kile cha Mgodi.

"Chukua, kizuri hiki."

"Kizuri kivipi?"

"Kizuri tu."

"Hata ugali wa bwenini wanasema mzuri," akajibu, akaenda zake mpirani.

Madam Rehema alikuwa nyuma ya rafu anasikia yote. "Unanadi kitabu kama mtu anayeuza mbuzi aliyemwiba," akaniambia. "Mbona huna raha nacho? Halafu usimuulize mtu anapenda nini, maana hajui. Muulize amechoshwa na nini."

Hilo liandikeni ukutani. Yule mvulana nilimkuta bombani jioni, nikamuuliza amechoshwa na nini. Akasema amechoshwa na kaka zake kumwambia hawezi kitu. Nikamweleza kwamba kuna kijana wa miaka kumi na minne amefukiwa shimoni pamoja na mjomba wake, na mwembamba wa kupenya kwenye ufa ni yeye peke yake. Akakisoma siku mbili, akarudi anatembea kama diwani. Aliyechoka kulea wadogo zake mpeni Kile cha Watoto Watatu. Mama anakufa ukurasa wa tano, na aliyebaki na mzigo ni kijana mvivu kuliko wote niliowahi kuwasoma, ukinitoa mimi. Kuna msichana alikisoma, wikiendi ile akarudi nyumbani, mama yake akampigia Madam simu kuuliza mtoto kapewa dawa gani, maana kaosha vyombo bila kutumwa.

Mambo mengine ya kazi ni haya. Ukurasa wa kwanza msomeeni mtu kwa sauti, mkifika pabaya fungeni kitabu, mmkabidhi, muondoke. Msiseme nani anakufa. Mtaulizwa kila siku, "Anakufa nani?" Jibu ni moja: "Soma." Kuna kijana alinipa nusu andazi nimwambie. Nikala andazi, nikamwambia asome. Na gundi ya unga wa muhogo msiitumie kubandika majalada, hata kama inashika vizuri. Inashika mpaka saa ya panya kula chakula cha jioni. Mimi niliwaandalia panya wa shule nzima vitabu vitatu vya jiografia, wakaacha ramani tu.

Sasa Kile cha Mto. Dada na mdogo wake wa kiume wanakimbia mafuriko usiku, kijiji kimezama, wazazi hawajulikani walipo, na mbele kuna mto lazima uvukwe. Nakala ilikuwa moja. Walioandikisha majina kukisubiri walikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja anakaa nacho wiki mbili. Nilipiga hesabu nikaona wa mwisho atakisoma akiwa na wajukuu. Ndipo nikafikiria wembe. Sura kumi na moja, vipande kumi na kimoja, kila kipande pini mbili za stepla, watu kumi na moja wanasoma kwa mpigo. Ukimaliza sura yako unampa anayefuata, unamfuata aliye mbele yako.

Na ilifanya kazi! Hilo mniache niliseme. Mwezi mzima shule ilikuwa inasoma kuliko wakati wowote. Kwenye foleni ya uji ungesikia, "Nani ana sita? Nani ana sita?" kama watu wa stendi. Watu walisoma wakiwa wamekaa juu ya ndoo. Kijana mmoja alisoma ya saba, ya pili na ya kumi, kwa mpangilio huo, akaapa ni kitabu bora alichowahi kusoma. Mimi nilikuwa napita katikati yao mikono nyuma. Madam hakujua. Akiuliza Kile cha Mto kiko wapi, nilimjibu kimeazimwa, jambo ambalo lilikuwa kweli mara kumi na moja.

Kisha akarudi Tekla.

Tekla ni wa kidato cha pili, kwao Mbaha, kando ya ziwa. Mnamjua sasa hivi, mbishi kupindukia, lakini muhula ule alikuwa mwingine. Kaka yake Otmari alikwenda kuvua usipa, dagaa wa ziwani, upepo wa mwera ukavuma ghafla, mtumbwi ukarudi ufukweni bila yeye. Walimtafuta wiki nzima. Hawakumpata. Matanga yakakaliwa bila kaburi, kisha Tekla akarudi bwenini, akawa anakaa tu, kimya, anatazama daftari ambalo hajafungua.

Mimi nikajiambia huyu anahitaji kucheka. Nikampelekea kitabu chetu cha vichekesho. Kesho yake akakirudisha.

"Huyu mtu ana shida gani," akaniuliza, "mpaka achekeshe kila mstari?"

Niliona ananiuliza mimi.

"Nataka Kile cha Mto," akasema.

Hapo nikashtuka, maana mimi nakijua. Sura ya tisa maji yanamchukua yule mdogo mtu. Nikamwambia kimeazimwa, foleni ndefu, labda mwakani. Akatoa mfukoni sura ya kwanza. "Nimepewa na mtu bwenini. Nilitaka tu kujua utasema uongo au hutasema."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichokata. Kitabu kizima unaweza kukiweka juu ya rafu ukasema subiri. Vipande haviko kwako tena. Tekla alisoma ya kwanza mpaka ya tisa ndani ya siku nne. Ya kumi na ya kumi na moja hazikuwepo. Alizunguka bweni zima anaziulizia. Ijumaa akaenda kwao na Jumatatu hakurudi, Jumanne hakurudi. Jumatano rafiki yake wa kitanda cha juu akanifuata maktaba.

"Tekla harudi," akasema. "Mjomba wake wa Songea anakuja Jumapili. Bibi kasema kama mtoto hataki shule, basi aende naye akamsaidie mkewe kulea."

"Kwa nini hataki?"

"Nilimwambia mwalimu atamruhusu akae hata nyuma darasani, asiulizwe kitu. Akanijibu, 'Hata kitabu kimeishia majini.' Sasa mimi sijui maana yake nini. Wewe unajua?"

Nilijua.

Nilifungua daftari. Sura ya kumi na ya kumi na moja zilikuwa kwa Simoni wa darasa letu, na Simoni alivunjika mguu mpirani akapelekwa kwao milimani, Mbinga. Kumpata nilihitaji simu. Simu anayo Madam. Kwa hiyo nilihitaji kwanza kumwambia Madam.

Nilimkuta anasahihisha insha. Nikamweleza yote, kwa kasi, nikitazama miguu yangu. Akaweka kalamu chini. Nikaanza kuhesabu siafu ukutani.

"Ulitumia wembe mpya au mkuukuu?" akauliza.

"Mpya, Madam."

"Afadhali." Akavuta pumzi. "Wewe mtoto wewe. Adhabu yako naitafuta, sijaipata bado, maana zote nizijuazo ni ndogo. Namba ya kwao Simoni unayo?"

Alipokea mama yake Simoni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mashine ya kukoboa kahawa. Simoni akapewa simu.

"Sura ya kumi unayo?" nikamuuliza.

"Ninayo. Nimeisoma mara tatu, sina kazi nyingine, mguu uko juu ya kiti."

"Ilete."

"Niilete na mguu gani?"

Kesho yake zikaja na basi la Mbinga, mikononi mwa konda, ndani ya mfuko wa maharage, maana mama yake Simoni aliona si vizuri karatasi zisafiri peke yake. Kingo za kurasa zilikuwa na madoa mekundu ya maganda ya kahawa. Nikamkimbilia Madam nikihema. Nikamwambia kuna mtu wa bodaboda anakwenda Mbaha sasa hivi, nimpe.

"Umpe nini?"

"Sura mbili zilizobaki."

"Benedikti. Mtu aliyefiwa hapelekewi vipande." Akaniambia nikusanye vyote kumi na kimoja, nikavishone, na nipeleke mwenyewe kitabu kamili kabla ya huyo mjomba.

Kukusanya kulinichukua siku nzima ya Ijumaa na mabishano manane. Sura ya tano niliitoa chini ya godoro la mtu. Jioni nikaenda nyumbani Liuli, nikavipanga juu ya meza ya mama. Mama ni fundi cherehani. Aliacha kukanyaga.

"Nani kakikata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Watu wengi wasome."

"Na walisoma?"

"Walisoma, mama."

Akaguna. Sikujua ni guno la aina gani, anayo mengi. "Cherehani haitaweza. Nipe sindano ya magunia."

Akatoboa kwa msumari, akashona kwa mkono, anavuta uzi kwa meno. Mimi namshikia karatasi, namsimulia habari ya Tekla. Alipofika sura ya sita bila kuinua uso akauliza, "Msibani kwao ulikwenda?"

Darasa letu lilikwenda. Jumamosi nzima, na walimu wawili, kwenda kutoa pole. Mimi nilibaki.

"Nilikuwa nahesabu vitabu."

"Vingapi?"

"Riwaya kumi na sita."

"Kumi na sita. Siku nzima."

Nisiwadanganye. Msibani sijui niweke wapi mdomo wangu. Nikikaa kimya nahisi nitapasuka, nikisema nasema upuuzi. Kwa hiyo huwa napata kazi ya kuhesabu. Mama alikata kitambaa cha kaki, mabaki ya kaptula ya mtu, akakifanya jalada, akang'ata uzi.

"Kesho tunakwenda wote wawili," akasema.

Tulifika Mbaha asubuhi, watatu juu ya bodaboda moja, mama katikati amekumbatia maharage ya mama yake Simoni. Bibi yake Tekla alikuwa anageuza usipa juu ya chanja.

"Hodi! Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu mume wangu. Mbona umechelewa hivi, ulipitia kwa mke mdogo?"

Siku nyingine ningemjibu mpaka jua lizame. Siku ile nilisema, "Nimechelewa kweli bibi. Poleni na msiba." Mama akakaa naye chini, wakaanza kuzungumza taratibu kwa Kinyasa, na wakati huo huo mikono ya mama ikawa imeshaanza kugeuza usipa bila kuombwa.

Tekla alikuwa mlangoni. Nikampa kitabu. Akatazama jalada la kaki, akatazama uzi wa magunia.

"Umekishona?"

"Mama."

"Nilijua si wewe. Kimenyooka."

Akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, akafungua sura ya kumi. Sitawaambia kuna nini kwenye sura ya kumi. Someni. Mimi nilikaa juu ya kinu kilicholazwa, nikatazama kuku. Kuku walikuwa saba. Nikawahesabu tena. Saba.

Alirudi macho mekundu, kitabu kakifunga, kidole katikati. Nikasimama tayari kuomba msamaha.

"Kaongopa," akasema.

"Nani?"

"Aliyeandika. Anasema dada mtu alikaa ukingoni siku tatu, hali, hazungumzi na mtu. Siku tatu! Aliachwa na nani? Msiba ukiwepo watu wanakuja. Nani aliwachotea maji? Mimi ile siku ya kwanza nilipika sufuria mbili za ugali. Nilikuwa nalia na mwiko mkononi, na shangazi ananiambia ongeza unga. Hilo halimo! Na eti mtoto alipiga kelele kijiji kizima cha ng'ambo kikasikia. Mwera ukivuma humsikii hata mtu mliye naye mtumbwi mmoja. Otmari alishawahi kuniambia."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akilitaja jina lile. Bibi aliacha usipa. Mama akamgusa bibi goti.

Tekla hakuona. Aliendelea. Alinionyesha ukurasa mmoja mmoja, hapa kakosea, hapa hajui maji, hapa kachungulia dirishani tu hakuingia ndani. Akanieleza jinsi wavuvi walivyorudi kila jioni wakivua kofia kabla hawajafika uani, ili asiwe na haja ya kuwauliza. Akanieleza kwamba Otmari aliondoka amemkasirikia kwa sababu ya betri za tochi. Jua likapanda, kivuli kikatuhama, tukaketi juani. Vichekesho vilinijia, siwafichi, vitatu hivi vizuri. Nikavimeza.

Mwisho akageuza kurasa akafika mahali, akaweka kidole.

"Ila hapa. Hapa anapomtengea mdogo wake chakula, halafu anakumbuka, halafu anakifunika vile vile mpaka asubuhi. Hapa kasema kweli."

Akakaa anapatazama pale.

"Hivi ukiona kitabu kimekosea," akauliza, "unamwambia nani?"

"Madam Rehema. Atabishana na wewe."

"Abishane tu. Jumatatu nakuja. Siji kwa ajili yako, Beno, usianze kujisifu bwenini. Nakuja kumwambia."

Mjomba alikuja Jumapili, akala usipa, akarudi Songea peke yake. Jumatatu Tekla na Madam walibishana kipindi kizima, mlango wazi, kidato cha pili kizima kikasahau kengele. Madam alimpa daftari jipya akamwambia aandike sura ya kumi inavyotakiwa kuwa. Anaandika mpaka leo. Ameshafika daftari la tatu na hajavuka mto bado. Mtu akifiwa akaja maktaba, msimfiche kitabu na msimsukumie. Mwambieni kipo. Akikisoma akarudi na hasira, achaneni na kazi nyingine, kaeni chini. Mimi nilipewa adhabu ya kushona vitabu vyote vilivyopasuka, kwa sindano ya magunia, muhula mzima, na ndiyo maana rafu yenu mnayopokea imevaa kaptula za watu.

Lakini nilikuwa bado kwenye Jumamosi ile. Tulirudi Liuli alasiri. Mama alishuka kwenye bodaboda, akajikung'uta vumbi, akafungua mlango, akanitazama kwa muda kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema:

"Leo umemsikiliza mtoto wa watu toka asubuhi mpaka saa saba, hujatia neno hata moja la kijinga. Nilidhani unaumwa. Haya, kama huumwi, chukua ndoo, maji hayajiteki."